Mguu Mmoja Uliovimba Ndani ya Arobaini

Mzazi wa siku ya 10 yuko kitandani, mtoto ubavuni. Tangu jana mguu wa kushoto umemvimba kuanzia kigimbi hadi pajani, na ukiugusa ni wa moto kuliko mwenzake. Bibi mkandaji kaingia na sufuria la maji ya moto na taulo, kama kila asubuhi. "Damu chafu hiyo, mwanangu. Nikikuchua itashuka." Anaketi, anapandisha kanga, anaunyooshea mkono ule mguu.

Mkono huo uishie hapo hapo.

Sina ugomvi na arobaini. Mwanamke aliyejifungua akapikiwa uji wa pilipili manga, akakandwa mgongo na nyonga, hajaonewa. India nako ni hivyo hivyo: Ayurveda, tiba ya huko yenye zaidi ya miaka 2,000, humtengea mzazi wiki kadhaa za kupumzika na kuchuliwa mwili kwa mafuta ya uvuguvugu. Taabu ni huu mguu mmoja.

Ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa vena, unaorudisha damu moyoni. Ateri husukumiwa damu na moyo wenyewe. Vena haina bahati hiyo. Inategemea misuli ya kigimbi, ambayo huikamua kila tunapopiga hatua, na vali ndogo zinazozuia damu isiteremke tena. Ukilala siku nyingi, damu hutuama. Ukuta wa mshipa ukijeruhiwa, au damu yenyewe ikiwa nyepesi kuganda, bonge hujijenga na kuziba njia.

Mzazi anayo yote matatu. Mwili wa mjamzito huongeza uwezo wa damu kuganda ili asimalizike kwa kuvuja siku ya kujifungua. Mimba hukandamiza vena za nyonga, na uchungu au upasuaji huzijeruhi. Mguu wa kushoto ndio huumia zaidi, kwa sababu ateri iendayo mguu wa kulia hupita juu ya vena ya kushoto na kuibana kwenye uti wa mgongo. Hatari ni kubwa zaidi katika wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua. Hesabu mwenyewe: ni arobaini yenyewe, na siku mbili juu. (Wagonjwa wa saratani, waliofanyiwa upasuaji wa nyonga au goti na wanaotumia vidonge vya uzazi vyenye homoni ya estrojeni nao wamo hatarini.)

Pwani, mguu ukivimba watu husema matende. Lakini matende huja polepole, kwa miaka, na ngozi huwa nene na ngumu. Bonge la damu huja kwa saa au siku chache.

Na bonge husafiri. Katikati ya karne ya 19, daktari Mjerumani Rudolf Virchow alionyesha kuwa mabonge yanayokutwa kwenye mapafu ya maiti huwa yametoka kwenye vena za mbali. Ndiyo maana mguu huu hauchuliwi: bonge likimeguka, kituo chake ni mapafu.

Kipimo chenyewe hakiumi. Mtaalamu wa altrasaundi hupaka jeli paja, kisha hubonyeza. Kwenye kioo huonekana duara mbili nyeusi. Ateri inadunda na kubaki duara. Vena nzima hubonyea mpaka ikatoweka, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Vena isiyobonyea ina kitu ndani.

Hapo huanza sindano za heparini, kisha mara nyingi vidonge vya warfarini, kwa miezi isiyopungua 3. Dawa hizi haziyeyushi bonge. Zinalizuia lisikue, mwili wenyewe ukilimeng'enya taratibu. Zote mbili haziharamishi kunyonyesha. Warfarini ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, na kiwango chake hadi leo kinataka uangalizi: kipimo cha damu kiitwacho INR kikae kati ya 2 na 3. Mchicha na kisamvu, vyenye vitamini K nyingi, huishusha nguvu. Si lazima uviache, ila usile sahani tatu leo na kesho usionje.

Ayurveda inaingia wapi? Kitabu cha kale cha tabibu Sushruta kina sura nzima juu ya ruba: aina 12, 6 zenye sumu na 6 za kutibia. Wazee hao walikuwa na macho. Ruba akishiba akaanguka, kidonda huvuja kwa saa kadhaa, na mwaka 1884 mwanasayansi John Haycraft aligundua kuwa ruba ana kemikali inayozuia damu kuganda. Lakini ruba aliye juu ya ngozi haifikii vena ya ndani ya paja, na kumwekea anayemeza warfarini ni kuomba damu isikatike.

Mitishamba nayo ina lake. Guggulu, utomvu wa mti wa jamii moja na manemane, husifiwa kusafisha mishipa, ila hakuna ushahidi kwamba huondoa bonge la namna hii. Vidonge vya manjano au kitunguu saumu, tofauti na kiungo cha mchuzini, vinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu ukichanganya na warfarini. Na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulikuta risasi, zebaki au aseniki katika takriban moja kwa tano ya dawa za Ayurveda zilizonunuliwa mtandaoni. Ukitumia chochote, mwambie daktari jina lake.

Bibi mkandaji, hata hivyo, ndiye anayeuona mguu kila asubuhi, kabla ya mkunga na daktari. Apewe utepe wa fundi cherehani. Apime vigimbi vyote viwili, upana wa kiganja chini ya goti. Vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 3, sufuria liwekwe kando, mzazi apelekwe hospitali leo hii. Akianza kuhema, kifua kumchoma au kukohoa damu, utepe hauna kazi tena, itafutwe gari.