Kinu cha Posho na Mashine za Jikoni: Faida Zake na Hadhari Zake

Hapo kale katika nchi ya Kakamega, mwanamke aliyetaka kupika ugali alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, akasaga wimbi au mtama kwa nguvu za mikono yake. Katika miaka ya 1930 na 1940, wilaya hiyo ilipokuwa ikiitwa North Kavirondo, watu walijenga vinu vilivyozungushwa na maji ya mito. Baadaye vilikuja vinu vya injini za dizeli, na siku hizi vingi huendeshwa kwa umeme. Debe la mahindi lililokuwa kazi ya siku nzima sasa husagwa kwa dakika chache tu.

Faida hiyo ni kubwa. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba mashine haina macho. Mwanamke aliyesaga kwa jiwe aliziona punje zake na kuzitupa zilizooza. Mashine husaga kila kitiwacho ndani yake, kizuri na kibovu, hata kidole cha mtu.

Ndani ya kinu cha kawaida mna nyundo ndogo za chuma zinazozunguka kwa kasi, yapata mara elfu tatu kwa dakika. Nyundo hizo huzipiga punje mpaka zivunjike na kupita katika matundu ya chekecheo, kisha upepo huusukuma unga mpaka katika gunia. Matundu yakiwa madogo, unga huwa laini.

Jambo la kwanza ni kukausha mahindi. Mavuno makubwa ya Kakamega huja yapata mwezi wa Agosti, nayo mvua ingali ikinyesha. Mahindi yawekwayo na unyevu huota kuvu, na kuvu fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haiondolewi kwa kusaga wala kwa kupika. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya kama vile Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walifariki. Kwa hiyo mahindi yachaguliwe kwanza, na punje zilizoota kuvu au kugeuka rangi zitupwe. Wasipewe kuku wala ng'ombe.

Kuna njia rahisi ya kupima unyevu. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, uijaze mahindi kadiri ya theluthi moja, utie vijiko viwili vya chumvi kavu, uifunge na kuitikisa vizuri. Ngoja robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yangali mabichi. Yarudishwe juani, juu ya turubai wala si juu ya udongo mtupu. Chumvi isipogandamana, unyevu umepungua chini ya sehemu 15 katika 100. Lakini kwa kuweka ghalani, kipimo kinachotakiwa ni 13.5, kwa hiyo yafaa kuzidi kuyaanika.

Jambo la pili ni unga wenyewe. Unga utokao kinuni huwa na joto. Ukifungwa upesi hutoa jasho na kuharibika. Uachwe upoe kwanza. Tena, unga usiokobolewa una kiini cha punje, chenye mafuta na vitamini. Hulisha mwili vema kuliko unga mweupe, lakini hauwezi kukaa muda mrefu. Ni heri kusaga kidogo kidogo mara kwa mara kuliko kusaga gunia zima.

Jambo la tatu ni usalama. Mkanda wa kinu ufunikwe kwa wavu wa chuma. Mtu mwenye leso inayoning'inia, au mtoto mgongoni, asiukaribie. Punje zikikwama, mashine izimwe na isimame kabisa kabla ya mkono kuingizwa.

Sheria hizo hizo zafaa nyumbani. Nyumba nyingi za vijijini zilipata umeme baada ya mpango wa serikali wa kusambaza nyaya ulioanza mwaka 2015, na blenda sasa husaga karanga, simsim na nyanya. Plagi ichomolewe kabla ya kuosha visu vyake. Mtu asiishike kwa mikono yenye maji. Mchuzi wa moto usijazwe mpaka juu, maana mvuke huweza kurusha kifuniko na kumwunguza mpishi. Karanga zisagwe kwa vipindi vifupi, ili mota isiungue.

Mashine humpunguzia mama wa nyumbani uchovu, na saa alizookoa aweza kuzitumia shambani, sokoni au pamoja na watoto wake. Lakini kazi ya kuchagua, kukausha na kujihadhari imebaki mikononi mwake na mwa jamaa yake yote. Kinga ni bora kuliko tiba.