Daftari la Mama wa Nyumbani

Mama mpendwa, mtu akikuuliza, "Wewe unafanya kazi wapi?" wamjibu nini? Wengi hujibu kwa sauti ndogo, "Sifanyi kazi, niko nyumbani tu." Neno hilo "tu" ndilo ninalotaka tuliangalie leo. Vijana nao wamepata jina lao, humwita mama wa nyumbani "golikipa," nao hucheka. Wacheke. Timu isiyo na golikipa wanaijua mwisho wake.

Hebu tuihesabu siku yako. Saa kumi na moja alfajiri umekwisha kuamka. Umewasha jiko, umechemsha uji, umetafuta kiatu cha mtoto kilichopotea upande mmoja, umewatoa watoto kwenda shule, umefagia uwanja, umeteka maji. Kisha zaja nguo, kisha sokoni, kisha chakula cha mchana, na katikati ya hayo yote mtoto mchanga yumo mgongoni. Jioni wageni wawili waja bila taarifa, nao ni lazima wale. Walala saa tano usiku, nawe ndiye wa mwisho kuzima taa. Je, hiyo ni "sifanyi kazi"? Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa mwaka 2018, likasema kwamba kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa huchukua saa bilioni 16.4 kila siku katika dunia nzima, na kwamba zaidi ya robo tatu ya saa hizo hufanywa na wanawake. Basi hauko peke yako.

Walakini kazi isiyoandikwa husahauliwa, hata na aliyeifanya. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja kidogo: chukua daftari. Daftari lolote la shule latosha, hata lile ambalo mtoto ameacha nusu. Piga mistari upate safu nne: tarehe, kitu, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka. Andika kila jioni vyombo vikiisha kuoshwa, wala usingoje kesho, maana kesho utasahau nauli ya bodaboda na ile mia mbili ya pipi. Wewe uliyezoea simu waweza kuandika humo, lakini mimi napenda karatasi. Simu huishiwa chaji, tena watoto huichezea.

Wiki ya kwanza hutaona kitu. Mwisho wa mwezi utashangaa.

Kitu cha kwanza kitakachojitokeza katika daftari za wengi ni gharama ya kununua vitu vya kupima. Tuchukue mafuta ya kupikia. Tuseme wanunua kipimo cha shilingi 500 kila siku, basi kwa siku 30 ni shilingi 15,000. Sasa chukua chupa tupu ya lita moja, ujaze kwa kipimo kile kile, uone vinaingia vingapi. Tuseme vimeingia 16. Basi lita moja wainunua kwa shilingi 8,000. Nenda ukaulize bei ya dumu la lita 5, uigawanye kwa tano. Kama ni shilingi 32,500, lita moja ni 6,500 tu. Tofauti ni shilingi 1,500 kwa kila lita, nawe kwa mwezi umetumia karibu lita mbili. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya shilingi 33,000, na hayo ni mafuta peke yake. Bei hizi nazitaja kwa mfano tu; wewe weka za mtaani kwako. Fanya vivyo hivyo kwa sukari ya robo, kwa sabuni ya unga ya pakiti ndogo, na zaidi ya vyote kwa mkaa wa kopo.

Labda utaniambia, "Mwandishi, maneno yako ni mazuri, lakini bwana wangu analipwa kwa siku, dumu nitalinunuaje?" Ni kweli kabisa. Maskini hununua kwa bei kubwa kuliko tajiri kwa sababu hana fedha nyingi kwa mara moja, wala si kwa kukosa akili. Tena muuza duka si mwizi, naye ana kodi ya pango. Dawa niliyoona ikifaa ni hii: majirani watatu au wanne wanaoaminiana wachange, wanunue dumu moja au gunia moja la mkaa, wagawane siku hiyo hiyo kwa kipimo kimoja mbele ya wote. Siku hiyo hiyo, nasema, maana kitu cha wengi kikilala kwa mmoja huleta maneno. Na jihadhari na jambo jingine: mafuta yakiwa mengi jikoni, mkono nao huwa mzito. Weka dumu mbali, na jikoni uwe na chupa ndogo ya siku tatu.

Nikiingia jikoni kwenyewe, moto ndio unaokula fedha. Maharage yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, upike kwa maji mapya; yataiva upesi zaidi, na tumbo halitasumbua. Funika sufuria daima. Tena kuna lile kapu ambalo walimu wa maarifa ya nyumbani wamelifundisha tangu zamani, nami nasikitika kuona limesahauliwa. Chukua kapu kubwa au boksi, tandika ndani majani makavu au vitambaa vikuukuu, unene wa kiganja pande zote, ubakize nafasi ya sufuria. Mchele ukiisha kuchemka kama dakika tano, itoe sufuria motoni na kifuniko chake, itie kapuni, uifunike kwa mto au blanketi, usiifunue. Baada ya saa moja wali umeiva bila mkaa, wala hauungui. Maharage yaliyolowekwa yataka kuchemka kwa nguvu kwanza, dakika 20 au zaidi, kisha yakae kapuni saa kadhaa, na kabla ya kula yachemshwe tena. Mwenye mtungi wa gesi atafaidika na kapu hilo sawasawa na mwenye mkaa, maana gesi ya kilo 6 huisha siku usiyoitazamia.

Mche wa sabuni nao usiuache mzima. Ukate vipande, uvipange penye upepo mpaka vikauke na kuwa vigumu. Sabuni kavu haiyeyuki ovyo, nayo hudumu. Na mchicha katika gunia la udongo nyuma ya nyumba hauhitaji shamba; baada ya wiki tatu au nne waanza kuchuma.

Sasa nataka kusema neno juu ya mikopo, na hapa sitacheka. Kila mtaa mjini siku hizi wapita watu wenye mikopo ambayo kina mama wenyewe wameipa jina la "kausha damu." Wanakupa leo, waanza kudai kesho au wiki ijayo, na riba yake haielezwi kwa asilimia ila kwa maneno ya haraka haraka. Mama hukopa kwa mmoja ili amlipe mwingine. Mwisho godoro, televisheni na jiko vyachukuliwa watoto wakitazama, na bwana, ambaye hakujua, ajua siku hiyo. Nyumba ngapi zimevunjika kwa njia hiyo! Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mwenye kufanya biashara ya kukopesha hapa Tanzania yampasa awe na leseni. Muulize leseni yake. Akikasirika, umekwisha kupata jibu.

Ukihitaji fedha ya mkupuo, upatu ni mzuri kwa sababu hauna riba: watu kumi wachanga, mmoja apokea, kwa zamu. Lakini zamu yako yaweza kuwa ya mwisho, na ugonjwa haungoji zamu. Hapo vikoba vyafaa zaidi. Asili yake ni vikundi vya wanawake wa Niger, vilivyoanzishwa kwa msaada wa shirika la CARE mwaka 1991. Mtindo wake ukafika kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia Zanzibar. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kutoka katika fungu lao, na faida hugawanywa mwisho wa mzunguko. Riba mliyolipa yarudi kwenu wenyewe. Jiunge na wale unaowajua nyumba zao. Na kila hisa uliyonunua iandike katika daftari lako wewe, usitegemee kitabu cha katibu peke yake.

Pengine bwana wako ataliona daftari na kuuliza, "Je, wanipeleleza?" Mwonyeshe wazi. Soma naye mwisho wa mwezi, chakula kikiisha kuliwa, si wakati anapoingia mlangoni amechoka. Mabwana wengi hawajui kiberiti ni shilingi ngapi, wakishajua huwa wapole. Na kwa upande wa pili wa daftari uandike pia kazi uliyofanya badala ya kununua: sare uliyoishona, kuku uliowafuga, tofali ulizomwagilia maji mlipokuwa mkijenga.

Hilo la mwisho si mzaha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, yaipa mahakama uwezo wa kugawanya mali iliyochumwa na mume na mke kwa juhudi zao pamoja, ndoa ikivunjika. Watu walibishana: je, mama aliyepika na kulea tu amechuma nini? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilijibu kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuipata mali ya familia. Lakini tazama jambo hili: mama mwenye kesi ile mwenyewe hakupata fungu katika nyumba, kwa sababu mahakama ilihesabu fedha alizokwisha kupewa na mumewe za kufanyia biashara, nazo zilikuwa zimepotea. Hatumwombei mtu ndoa ivunjike. Twasema tu kwamba fedha na kazi vina kumbukumbu, au havina.

Sasa ile akiba, kidogo kidogo, itumie wapi? Utasema ada za watoto, na ni haki. Lakini mimi nakuomba utenge sehemu moja kwa ajili yako mwenyewe. Mama anayesoma, watoto wake humwona. Bibi zetu walifanya hivyo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu vijijini kwa vikundi kuzunguka redio, wanawake wengi wakiwa na watoto mgongoni. Hao hawakuwa na nafasi kuliko wewe.

Kama uliacha shule baada ya darasa la saba, ipo njia. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vituo vyake mikoani, na wako wanaosoma jioni. Hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ambao watu huuita QT, na akishinda mtu huruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na wewe binti uliyetolewa shuleni kwa sababu ya mimba, fahamu kwamba tangu Novemba 2021 serikali imefungua mlango wa wenzako kurudi darasani baada ya kujifungua. Asiyetaka vitabu, vyuo vya VETA vina kozi fupi za ushonaji, mapishi na nyingine nyingi.

Saa ya kusoma utaipata wapi? Si usiku, maana usiku utalala juu ya kitabu. Kina mama niliowaona wakifanikiwa walichukua ile saa ya alasiri, chakula kimo kapuni, mdogo amelala, wakubwa hawajarudi. Mwambie jirani asikuite. Kisha fungua daftari kwenye ukurasa wa mwezi ujao, na juu kabisa, kabla ya mkaa na kabla ya sukari, andika: ada ya mtihani wa mama.