Ada ya chuo kikuu cha umma: Kwa nini mzigo unaishia sokoni Mpondwe

KASESE – Wafanyabiashara wengi wa Bwera wanaovusha samaki, chumvi ya Katwe, maharage na sabuni kwenda Kasindi, upande wa Congo, wana hesabu moja inayofanana: mtoto yuko chuo kikuu na muhula unakaribia. Wengi huuliza swali hili: ikiwa chuo ni cha serikali, kwa nini mzazi bado analipa?

Jibu linaanzia mbali kidogo. Zamani mwanafunzi aliyeingia Makerere alilipiwa kila kitu, masomo, malazi, chakula, na hata posho ya mfukoni iliyojulikana kama bumu. Uchumi ulipoyumba na wafadhili wakidai matumizi yapunguzwe, serikali ilianza kuondoa marupurupu hayo. Mwezi Desemba 1990 wanafunzi wa Makerere waligoma, na wawili kati yao waliuawa kwa risasi. Kuanzia mwaka 1992 chuo hicho kilifungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia, kwanza katika masomo ya jioni. Leo wanafunzi wa namna hiyo ndio wengi katika vyuo vikuu vya umma.

Serikali inalipia nani?

Kila mwaka serikali ya Uganda hudhamini wanafunzi wapya wapatao 4,000 kwa vyuo vyake vyote. Idadi hii haijapanda kulingana na wingi wa wanaofaulu. Takriban robo tatu ya nafasi hizo hutolewa kwa ushindani wa alama za taifa zima, na masomo ya sayansi ndiyo yanayopewa kipaumbele. Zinazobaki hugawiwa kwa mgao wa wilaya ulioanza mwaka 2005, kwa watu wenye ulemavu na kwa wanamichezo. Kwa mtoto aliyesoma katika shule ya kijijini isiyo na maabara, mgao wa wilaya ya Kasese ndio tumaini lake kubwa. Lakini nafasi zenyewe ni chache, na wilaya hii ina watu wengi.

Fedha za chuo zinatoka wapi?

Kila chuo kikuu cha umma kina fungu lake katika bajeti ya taifa, na Wizara ya Fedha hutoa fedha hizo kwa robo mwaka. Sehemu kubwa hula mishahara. Kinachobaki ndicho hununua vifaa vya maabara, vitabu na kukarabati majengo.

Chanzo cha pili ni ada za wazazi. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015, ada hizo huhesabiwa kuwa mapato ya serikali. Ndiyo maana malipo yamekuwa yakipitia mfumo wa mamlaka ya mapato, URA, kwenda Mfuko Mkuu wa Hazina, kisha chuo kinasubiri kurudishiwa kupitia bajeti. Fedha zikichelewa, chuo kinakwama ingawa mzazi amekwisha lipa.

Matokeo yake yameonekana. Tarehe 1 Novemba 2016 Rais Museveni aliifunga Makerere kufuatia mgomo wa wahadhiri waliodai malimbikizo ya posho, na masomo yalirejea Januari 2017. Mwaka 2018 Makerere iliamua kupandisha ada kwa asilimia 15 kila mwaka kwa wanaoanza masomo, na Oktoba 2019 wanafunzi waliandamana kupinga. Chuo kikifungwa, mzazi wa Bwera hapati nafuu yoyote, kwani kodi ya chumba cha mtoto imeshalipwa.

Mpaka ukifungwa, ada nayo inakwama

Mnamo Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Congo hadi Kasese, serikali ilisimamisha mikusanyiko ya siku za soko wilayani. Mwaka uliofuata mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Mtumishi wa serikali aliendelea kupokea mshahara. Mchuuzi anayeishi kwa mauzo ya siku hakuwa na pa kukimbilia. Kwa hiyo kila serikali inapopunguza mchango wake vyuoni, elimu ya watoto wa mpakani inazidi kutegemea usalama wa upande wa pili wa mto Lhubiriha.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, aulize mapema ofisi za wilaya kuhusu mgao wa wilaya na karatasi za kuthibitisha kwamba mtoto ni wa Kasese.

Pili, ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkopo wake hulipia ada ya masomo na gharama za chuo, hasa kwa kozi za sayansi, na marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Lakini haulipii chakula wala malazi. Hizo ni lazima zitengwe mapema.

Tatu, umbali ni gharama. Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kilichoko Fort Portal, kilichoanza mwaka 2005 kama chuo cha jamii, sasa ni cha umma, na ni karibu zaidi kuliko Kampala.

Kwa wenzetu wa Kasindi na Beni: viongozi wa Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu mwaka 2017, na Congo ilijiunga na jumuiya mwaka 2022. Kabla ya kumleta mtoto, kiulize chuo kwa maandishi iwapo atatozwa ada ya mwananchi wa jumuiya au ya mgeni. Tofauti hiyo inaweza kula faida ya msimu mzima.