Sanamu za Kabambare: nani anajua kweli zilikotoka?

Katika makumbusho ya Ulaya na Marekani kuna sanamu za mababu zilizoandikwa neno moja tu: «Buyu». Ni jina lingine la Waboyo wa Kabambare, kusini mwa Maniema. Neno hilo halisemi ni nani aliyezichonga, ni katika kijiji gani, wala namna gani zilitoka mikononi mwa wenyewe.

Mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa Wabembe na Walega kuanzia mwisho wa miaka ya 1940, alitoa kitabu juu ya jambo hilo mwaka wa 1981. Alichunguza upya sanamu ambazo watu walisema ni za Wabembe, za Waboyo ao za Basikasingo. Makabila hayo ni majirani, na kazi zao zinafanana sana.

Kwa Kasongo mambo ni magumu zaidi. Tarehe 22 Aprili 1893, askari wa Dhanis waliuteka mji huo. Kabambare ikaanguka Januari 1894, wakati Rumaliza aliposhindwa. Kasongo ilikuwa soko kubwa, lenye njia za biashara mpaka Zanzibar. Kwa hiyo kitu kilichoandikwa «Kasongo» pengine kilichukuliwa pale tu, lakini kilitengenezwa mbali.

Je, sayansi inaweza kusaidia? Ndiyo, lakini ina mipaka. Kwa sanamu za Buddha za Asia, wataalamu wanapima shaba yenyewe na udongo uliobaki ndani tangu wakati wa kuyeyusha. Huku kwetu, utafiti uliotolewa mwaka wa 2019 ulipima misalaba ya shaba iliyotumiwa zamani kama pesa, ili kutafuta madini yake yalitoka wapi. Shaba ikiyeyushwa na kuchanganywa, alama ya mgodi inapotea. Na mti unaonyesha aina na umri wake, lakini mti uleule unaota Fizi na Kabambare pia.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Februari 2022, Ubelgiji ulimpa Waziri Mkuu Sama Lukonde orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyo Tervuren. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 3 Julai 2022 ikafungua njia ya kurudisha vitu vya serikali yake vilivyopatikana kwa njia mbaya wakati wa ukoloni. Vile vya watu binafsi havimo. Ili kudai kitu, lazima kionyeshwe kilitoka wapi na kilichukuliwa namna gani. Sanamu yenye jina la kabila lisilo lake inaweza kukosa mwenye kuidai.

Ndiyo sababu picha za sanamu hizo zinapaswa kufika Kabambare na Kasongo, zisibaki Kinshasa. Wazee wanaojua majina ya koo na vibanda vya mababu wanaweza kueleza mambo ambayo hakuna mashine inayoweza kuyapima. Lakini wazee hao wanapungua kila mwaka.