Binti Akifika Maskati, Nani Mlinzi Wake?

Mzazi wa Musoma, Bunda au Butiama anayemuaga binti yake aendaye Omani kufanya kazi za nyumbani humwombea dua, humfungia khanga, na mara nyingi husahau jambo moja: kubaki na nakala ya pasi yake. Kosa hilo huonekana dogo mpaka siku simu ya binti inaponyamaza.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi hizo Omani na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kunyang'anywa pasi, kudhulumiwa ujira, hata kutumikishwa mpaka saa 21 kwa siku. Chini ya utaratibu wa kafala, ukaazi wa mfanyakazi hufungamana na kafili wake. Akikimbia dhuluma, huweza kushitakiwa kwa kutoroka. Basi aliyedhulumiwa ndiye akamatwaye!

Hapo ndipo ubalozi unapohitajika. Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa 1963 humpa aliyekamatwa ugenini haki ya kutaka ubalozi wake ujulishwe bila kuchelewa, na maofisa wake wamtembelee na kumtafutia wakili. Wanaomshikilia wanapaswa kumweleza haki hiyo, lakini ni heri aijue kabla hajapanda ndege, kwani ni yeye anayepaswa kuomba.

Tusiutwishe ubalozi usiyoyaweza. Hauvunji mlango wa jela wala hautengui hukumu. Aliyenyang'anywa pasi unaweza kumpa hati ya dharura ya kurejea nyumbani. Na mauti yakimkuta mtu huko, Mkataba huohuo unautaka utawala wa nchi ile uujulishe ubalozi, nao unaweza kulinda maslahi ya warithi katika mirathi. Jambo hili wafiwa wengi hawalijui.

Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, Watanzania, wengi wao wanafunzi, walitolewa Khartoum kwa mabasi hadi Ethiopia, kisha kwa ndege hadi Dar es Salaam. Asiyejulikana alipo ni vigumu kufikiwa na basi la namna hiyo.

Kwa hiyo, wakala akimwambia binti apitie Sirari hadi Nairobi, bila mkataba uliopitia mamlaka ya ajira ya Serikali, mzazi amzuie. Akisafiri kwa njia halali, nyumbani zibaki nakala ya pasi na ya mkataba, jina na anwani ya kafili, na namba ya ubalozi wa Maskati. Simu ikinyamaza, karatasi hizo ndizo za kupeleka Wizara ya Mambo ya Nje, Dodoma.