Kabla Hujanunua Jiko la Moshi, Mwone Fundi

Mnada wa korosho ukishapita na malipo yakaingia kwenye akaunti, mazungumzo ya nyumbani kuanzia Masasi mpaka Newala hubadilika. Bati, ada za shule, pikipiki, deni la salfa. Kwa wale wanaopenda kuangalia mapishi kwenye simu, orodha hiyo siku hizi ina kitu kingine: jiko la mkaa la kubanikia nyama kwa moshi, lile refu jeusi lenye mfuniko na kipimajoto mbele. Bei yake ni ya bidhaa iliyovuka bahari, na nauli ya kulifikisha huku juu inaongezwa hapohapo.

Mama wa nyumba huuliza swali la msingi: jiko hilo Jumatatu litapika nini? Naliunga mkono swali lake. Kwa kaya nyingi za bonde la Lukuledi na za juu ya uwanda wa Makonde, sioni haja ya kulinunua. Linalotakiwa ni uwezo wa kuutawala upepo ndani ya jiko, na huo unaweza kuupata kwa fundi wa kuchomelea vyuma hapo mjini.

Jiko la choma tulilolizoea ni pipa lililopasuliwa katikati kwa urefu, makaa chini, wavu juu. Moto uko wazi, nyama iko karibu na makaa, na baada ya muda mfupi watu wanakula. Kubanika kwa moshi ni kazi tofauti. Joto linashushwa mpaka nyuzi 110 hadi 120 za sentigredi, mfuniko unafungwa, na nyama inakaa humo kwa saa nyingi. Katika joto hilo, zile nyuzi nyeupe ngumu za mbavu na kidari huyeyuka polepole na kuwa ute, na nyama iliyokuwa ikishinda meno inaachia mfupa. Yote hayo yanategemea matundu. La chini linaingiza hewa, la juu linatoa moshi. Ukiyaachia yote makaa yanawaka kwa hasira, ukiyabana joto linashuka, na ukiyaziba kabisa moto unazimika na makaa yaliyobaki yanakusubiri siku nyingine. Jiko la wazi haliwezi kukuwekea akiba hiyo.

Maarifa yenyewe si mageni kwetu. Samaki wa Ruvuma wamebanikwa juu ya uchanja tangu enzi za mababu ili wafike salama vijiji vya mbali na mto. Na hata jiko maarufu la mfuniko la Marekani halikubuniwa na mpishi. Mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana ya vyuma ya Weber Brothers eneo la Chicago, alichukua chuma cha mviringo cha kutengenezea maboya, akatumia nusu moja kama bakuli la makaa na nusu nyingine kama mfuniko. Ni kazi ya fundi vyuma, na mafundi vyuma tunao.

Kwa hiyo nenda kwa fundi ukijua unachotaka. Pipa la lita 200 lisimame wima, lisipasuliwe. Kikapu cha makaa kikae chini kabisa, wavu uwe juu kwenye theluthi ya mwisho, mfuniko ukae sawasawa, na kila tundu liwe na kifuniko kinachosogezwa kwa mkono. Kabla hujalipa, mwombe awashe karatasi na majani mabichi ndani, kisha afunge. Chuchumaa ulizunguke pipa taratibu: penye moshi unaochungulia pembeni ya mfuniko ndipo hewa itakapoingilia bila ruhusa yako, na joto halitakaa. Agongee mdomo wa pipa mpaka ukae sawa.

Hapa pana jambo la hatari. Uliza pipa lilibeba nini. Huku kwetu dawa za kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga na wadudu ziko kila mahali, na chombo kilichowahi kubeba kiuatilifu hakifai kwa chakula, hata ukikichoma moto namna gani. Tafuta lililobeba mafuta ya kula. Wavu nao usiwe wa chuma kilichopakwa zinki, maana kikipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu.

Mkaa wenyewe hutoa joto, ila moshi wa kunukia kidogo sana, kwa sababu sehemu kubwa ya moshi wake iliishia kwenye tanuri. Harufu nzuri inatoka kwenye vipande vya kuni kavu unavyoviweka juu ya makaa: mpera, mchungwa, mlimao. Maganda ya korosho usiyaguse, japo yamejaa uani. Mafuta yake ndiyo yanayobabua mikono ya wabanguaji, na aliyewahi kukaa upande unakoelekea moshi wakati korosho zinakaangwa na maganda yake anajua macho yanavyowasha. Mafuta ya nyama nayo yasidondokee makaa, kwani moshi wake una kemikali zinazohusishwa na saratani. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na chuo cha mafunzo ya uvuvi cha Thiaroye, Senegal, walipobuni jiko la kubanikia samaki, waliweka chombo cha kukinga mafuta yanayodondoka. Nawe weka sinia la maji kati ya makaa na wavu. Maji ni ya shida Newala, lakini hayahitajiki mengi kukinga mafuta na kutuliza joto.

Nyama ya kuanzia iwe kuku. Zile video za mapishi kwenye simu zinaonyesha kidari cha ng'ombe aliyeshibishwa nafaka, chenye mafuta mpaka ndani ya nyama. Ng'ombe wetu hutembea, na nyama yake ikikaa saa kumi motoni bila uangalizi inageuka gome. Kuku wa kienyeji na mguu wa mbuzi hustahimili, mradi uvipake mafuta na chumvi. Kuku hupimwa ndani, pajani karibu na mfupa, mpaka nyuzi 74. Kwa hiyo fedha uliyookoa kwenye jiko nunua kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama. Hicho ndicho kifaa cha dukani ninachokitetea. Na kama majirani wa dini mbalimbali watakula kwako, pipa lililokwisha kubanikia kitimoto libaki la kitimoto. Heshima hiyo ina thamani kuliko mlo wowote.

Ipo pia hoja ya mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ugali na mboga za kila siku vihamie kwenye gesi, na pipa libaki la sikukuu na harusi. Nalo likae nje daima. Newala Juni na Julai baridi inauma, na kuna wanaoingiza makaa ndani ili wapate joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imeua watu usingizini.

Kwa mwenye kibanda cha kuku pale Masasi, ambako barabara za Mtwara, Songea, Newala na Nachingwea zinakutana, hesabu ni nyingine. Anawasha kila siku, na mkaa unaookolewa kwa kuziba matundu ni faida yake halisi. Huyo akitaka jiko la kiwandani lenye chuma kinene, sitamzuia. Lakini hata yeye ningemshauri aanze na mapipa mawili ya fundi, moja likipika huku jingine linasafishwa, na ahesabu magunia ya mkaa msimu mzima kabla ya kuagiza chochote Dar es Salaam.