Kamera ya Kuhimili Vumbi la Mbeere na Matope ya Igembe

Anayetoka mjini Embu asubuhi kwa boda boda kuelekea Kiritiri hukutana na nchi mbili kabla ya chakula cha mchana. Nyuma yake, upande wa Manyatta na Runyenjes, ni majani chai, ukungu na udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu mvua ikinyesha. Mbele yake, Mbeere, ardhi imekauka, na lori likipita vumbi linaingia hadi ndani ya soksi. Meru nako hali ni hiyo hiyo: baridi na matope katika mashamba ya miraa ya Igembe, kisha joto na vumbi kwa anayeteremka kuelekea Mbuga ya Wanyama ya Meru.

Katika njia hizo wapo watu wengi ambao kamera kwao ni chombo cha kazi: afisa wa kilimo anayepiga picha ya mhindi ulioshambuliwa na viwavi, mpima ardhi, mwandishi wa habari wa kaunti, mwongozaji wa wapanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, mpiga picha wa harusi na mazishi. Wengi wao huingia dukani na swali moja tu: inapiga picha safi? Swali la pili, ambalo ndilo lingewaokolea pesa, ni kama itakuwa bado inawaka baada ya kiangazi kimoja.

Muuzaji akitaka kuthibitisha kwamba kamera ni ngumu, hutaja maji. Hii inazama mita 15, ile mita 30. Ni sifa ya kweli, lakini hakuna anayepiga mbizi mita 15 katika mto Rupingazi wala Kathita. Adui wa kwanza wa kamera katika eneo hili ni vumbi, na linaua taratibu bila mwenye kamera kujua.

Kamera ndogo ya kawaida ikiwashwa, lensi yake hutoka nje kama kichwa cha kobe. Kila inapotoka na kurudi huvuta hewa, na hewa hiyo huingia na chembe za mchanga. Chembe chache zikikwama kwenye meno ya gia ndogo zinazosukuma lensi, basi. Lensi inagoma katikati ya njia, skrini inaandika kwamba kuna hitilafu, na fundi anataja gharama inayokaribia bei ya kamera yenyewe. Kamera nyingi zilizolala kwenye madroo ya nyumba za Meru na Embu zilikufa kifo hicho, si cha maji.

Kamera zilizoundwa kwa mazingira magumu hukwepa tatizo hilo kwa ujanja wa kioo. Lensi haitoki nje kamwe. Mwanga huingia kupitia dirisha dogo la kioo kigumu, ukapinda kwa pembe ya nyuzi 90, kisha vioo vya kukuza picha vikasogea juu na chini ndani ya kifua cha kamera. Olympus iliuza kamera ya aina hiyo mwaka 2006, modeli ya 720 SW, iliyoweza kuzama mita 3 na kuanguka kutoka mita 1.5. Ukoo huo bado unaendelea. TG-6 ilitoka mwaka 2019, na TG-7 mwaka 2023 chini ya jina la OM System, baada ya Olympus kuuza biashara yake ya kamera mwanzoni mwa 2021. Zote mbili zinazama mita 15, zinavumilia kuanguka kutoka mita 2.1, kubanwa kwa uzito wa kilo 100, na baridi ya nyuzi 10 chini ya sufuri. Anayekwenda kilele cha Point Lenana alfajiri ana sababu ya kuiangalia tarakimu hiyo ya mwisho.

Mnunuzi afundishwe kusoma alama moja tu kwenye boksi: herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili. Ni kipimo cha kimataifa. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na mwisho wake ni 6, yaani vumbi haliingii kabisa. Ya pili ni ya maji: 7 ina maana ya kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, na 8 ni zaidi ya hapo kwa kiwango anachotaja mtengenezaji. Sasa hapa ndipo watu wanapokosea. Boksi likiandikwa IPX8, ile X inamaanisha kwamba hakuna kiwango cha vumbi kilichotajwa. Kamera hiyo inaweza kuogelea vizuri na bado hakuna aliyemwahidi mnunuzi chochote kuhusu barabara ya Ishiara. Kwa mtu wa Mbeere au Tharaka, ile 6 ya mwanzo ina thamani kuliko mita zote za maji.

Habari za kuanguka nazo zisomwe kwa makini. Majaribio mengi ya aina hii hufanywa kwa kudondosha kifaa juu ya ubao wa plaiwudi wenye unene wa sentimita 5 hivi. Lami ya barabara kuu ya Embu hadi Meru si plaiwudi, na jiwe lenye ncha linaweza kupasua skrini ya kamera yoyote. Kamba ya mkononi, ambayo bei yake ni ndogo sana, huokoa kamera nyingi kuliko cheti cha maabara.

Kuhusu maji, siri iko kwenye mlango wa betri. Ukiufungua utaona mpira mwembamba umezunguka ukingo wake. Mpira huo ndio ukuta wote ulioko kati ya maji na umeme. Unywele mmoja ukilala juu yake, au chembe ya mchanga, maji yanapata njia. Ndiyo maana mlango haufunguliwi shambani huku upepo unavuma, na watengenezaji hushauri mipira hiyo ibadilishwe takriban kila mwaka hata kama haionyeshi ufa. Kamera iliyotumika miaka mitano bila kubadilishiwa mpira ichukuliwe kuwa haizuii maji, hata muuzaji aape kwa jina la mamake.

Ikiwa maji yameshaingia, itolewe betri na kadi, ifutwe, iachwe mahali pakavu penye hewa. Mchele wa Mwea una sifa zake, lakini ya kukausha kamera haimo. Unga wake huingia kwenye matundu na kuongeza kazi ya fundi.

Kuna adui mwingine ambaye wauzaji hawamtaji: mtetemo. Septemba 2021 kampuni ya Apple iliwaonya wenye simu zake kwamba mtetemo mkali wa injini kubwa za pikipiki, simu ikiwa imefungwa kwenye usukani, unaweza kuharibu mfumo unaotuliza picha ndani ya kamera ya simu. Kwa pikipiki ndogo ilisema hatari ni ndogo zaidi, ila ikashauri kutumia kishikilio kinachopunguza mtetemo. Boda boda zetu ni ndogo, lakini barabara zetu za changarawe huongeza mtikisiko wake. Kamera au simu inayosafiri kwa boda boda kila siku ikae mwilini mwa abiria, ndani ya mfuko wenye sponji, si kwenye usukani wala kwenye sanduku la chuma la nyuma.

Mtu atauliza: kwa nini asitumie simu tu? Ni swali la haki, na ulimwengu umeshalijibu kwa mfuko wake. Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu yenye alama ya IP67 au IP68 ndani ya kava nene inamtosha afisa anayetuma picha mbili kwa WhatsApp. Kasoro yake ni kwamba ikianguka mtoni, imeanguka na M-Pesa, namba za wateja na ripoti ya wiki nzima. Kwa anayeshinda nje kutwa, kutenganisha chombo cha picha na chombo cha maisha yote ni busara. TG-6 na TG-7 pia huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa na mwinuko wake, jambo linalomfaa anayefuatilia mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo au miche iliyopandwa.

Lakini zisisifiwe kupita kiasi. Kihisi cha picha ndani yake ni kidogo, hivyo kwenye mkutano wa usiku ndani ya ukumbi wenye balbu moja picha hutoka na chenga. Na bei si ya mchezo. TG-7 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 550. Kwa shilingi 130 kwa dola hiyo ni zaidi ya shilingi 71,000 kabla ya usafiri na kodi. Wenye mfuko mwepesi hutafuta zilizotumika: TG-5 ya 2017, Nikon W300 ya mwaka huo huo, au Fujifilm XP140 ya 2019. Zote tatu hazitengenezwi tena, kwa hiyo upatikanaji wa betri uulizwe kabla ya bei. Hapa ukoo wa TG unawazidi wenzake, kwani betri ya TG-7 ya sasa ni ya umbo lile lile la TG-1 ya mwaka 2012.

Mpiga picha wa harusi yuko kwenye mizani tofauti. Yeye anahitaji kihisi kikubwa na lensi za kubadilisha, na hapo ndipo wengi wa Makutano na Embu mjini hukosea kwa kununua Canon 1200D au Nikon D3100 kwa sababu ni rahisi. Ni kamera nzuri za studio, ila hazina mipira ya kuzuia vumbi. Kwa pesa isiyozidi hiyo sana anaweza kupata Canon 7D ya 2009 au Nikon D7000 ya 2010 iliyotumika, zilizozibwa dhidi ya vumbi na manyunyu, na zenye shata iliyokadiriwa kupiga picha 150,000. Anayepiga picha 1,000 kila Jumamosi humaliza idadi hiyo kwa chini ya miaka mitatu, kwa hiyo amuulize muuzaji shata imepiga ngapi, na asikubali jibu la "kidogo tu". Tena lensi nayo iwe imezibwa, la sivyo vumbi litapitia hapo. Na lensi isibadilishwe uwanjani wakati wa ngoma: doa moja la vumbi kwenye kihisi hutokea kwenye kila picha ya bibi harusi hadi jioni.

Kwa hiyo anayekwenda kununua, iwe Meru, Embu au Luthuli Avenue jijini Nairobi, aende mchana. Awashe na kuzima kamera mara kadhaa akisikiliza kama lensi inakwaruza. Afungue mlango wa betri apapase mpira kwa kidole. Apige picha ya ukuta mweupe na kuikuza atafute madoa. Kadi mpya aijaze picha hadi mwisho, kisha azifungue kwenye kompyuta, maana kadi bandia huonyesha nafasi kubwa ambayo haipo. Na asiondoke bila risiti yenye namba ya kamera hiyo.